Elfu Mbili Mia Mbili na Saba

Jumanne, tarehe 9 Mei 1972. Mvua ya mawe saa saba mchana, mawe makubwa kama punje za mahindi mabichi, kisha jua.

Hayo tu ndiyo niliyoandika kwenye daftari langu siku hiyo, maana nilikuwa na hasira na sikutaka kuiweka kwenye karatasi. Yanayofuata nayaandika kwa kukumbuka. Anayekumbuka ni mimi peke yangu, kwa hivyo anayesoma apunguze kidogo kila mahali nitakapoonekana nimesema vizuri. Mimi si mtu wa kusema vizuri. Majibu yangu mazuri huja nikiwa nimeshafika nyumbani.

Mvua ya mawe ikipiga chai, kazi imekwisha. Majani machanga, yale mawili na chipukizi, yanachanika, na kiwanda hakiyataki. Nyapara akapiga firimbi, tukapimisha kidogo tulichokuwa nacho, na darasa letu la watu wazima, ambalo siku nyingine lilingoja mpaka saa kumi, likaanza mapema pale pale kwenye banda la mizani. Mabati yalikuwa bado yanadondosha maji. Mwalimu alikuwa karani wa mizani, kijana aliyefika kidato cha pili akakosa karo. Alitufundisha bila kulipwa, na hilo lazima lisemwe kabla sijasema mengine juu yake.

Wanafunzi tulikuwa wachumaji wa kampuni ya chai, wanawake wengi na wanaume wachache, pamoja na mlinzi mmoja mzee aliyekuja kwa sababu hapo palikuwa na joto. Mimi na mume wangu tulikuwa tumetoka Kisii. Wengine walikuwa Waluo, wengine Waluhya, na wengine Wakipsigis, wenyeji wa pale. Kiswahili kilikuwa cha wote na hakikuwa cha mtu. Vitabu vya hesabu vya serikali vilikuwa vya Kiingereza, na Kiingereza chetu kiliishia kwenye "yesi sa", kwa hivyo karani alipata mahali fulani kitabu cha hesabu kilichotoka Tanzania, kimeandikwa Kiswahili kitupu, akakifunga kwa gazeti kisichakae.

Siku hiyo alitufundisha kugawanya. Akasema tuache namba za kitabu, kila mtu atumie namba yake ya kazi. Kwenye chai namba ndiyo jina. Kwenye mizani hakuna anayekuita kwa jina ulilobatizwa. Namba inaitwa, unaitika, kikapu kinapanda. Yangu ilikuwa elfu mbili mia mbili na saba. Mwanamke aliyesimama nyuma yangu siku tulipoandikwa kazi, Mkipsigis wa upande wa Boito, alipata elfu mbili mia mbili na nane, na tangu hapo alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili.

Kazi tuliyopewa ilikuwa hii: utafute kila namba inayoingia ndani ya namba yako bila kubakisha kitu. Mlinzi ndiye aliyeanza kuziita watoto.

"Mwalimu, yangu iko na watoto wanne!"

Basi darasa zima likawa linaulizana watoto. Jirani yangu aliandika mpaka kibao chake kikajaa, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Karani akainama kumsaidia.

"Wanakuja wawili wawili, mama. Mbili akiingia, elfu moja mia moja na nne anaingia naye, kwa sababu mbili mara huyo inarudisha namba yako. Tatu anakuja na mia saba thelathini na sita. Nne na mia tano hamsini na mbili. Endelea hivyo."

"Mabacha!" jirani akapiga kelele. Kiswahili chake kilichanganya p na b, t na d, kama wengi wa kwao. "Mimi nimezaa mabacha mara kumi na moja!"

Tulicheka sana, na mimi nilicheka, maana nyumbani kwake alikuwa na watoto sita na alikuwa akisema kila siku kwamba amefunga duka.

Halafu nikarudi kwenye kibao changu. Mbili haikuingia, alibaki mmoja. Tatu haikuingia, walibaki wawili. Tano, wawili. Saba, wawili. Nikafuta nikaanza upya, nikidhani nimekosea, kwa kuwa kukosea ndiyo tabia yangu. Karani akaja, akachukua kibao, akagawanya mwenyewe huku midomo ikitembea. Alipomaliza uso ukamng'aa kama mtu aliyekutana na rafiki yake wa zamani sokoni.

"Jamani, tazameni! Hii ni namba tasa!"

Hakuna aliyetazama. Neno hilo sote tulilijua. Kanisani tulilisikia kila mara zinaposomwa habari za wale wanawake wa Biblia waliolia mbele ya Mungu. Karani akaona nyuso zetu, akashika kitabu chake juu.

"Ni neno la kitabu," akasema. "Si mimi. Namba isiyogawanyika kwa nyingine ila kwa moja na kwa yenyewe. Inaitwa hivyo."

Hapa lazima niseme jambo langu, la sivyo hasira yangu itaonekana ya bure. Nilikuwa nimeolewa miaka sita na sikuwa nimepata mtoto. Mama mkwe wangu alikuwa amefika kwetu wiki iliyotangulia na hakuficha alichokuja nacho. Kuna msichana ameonekana huko nyumbani, wa watu wazuri, na mwanawe asipomwoa jina la marehemu baba yake litakatika. Mume wangu aliniambia mwenyewe, tukiwa tumekaa kitandani. Kwa mama yake hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Mama amechoka na safari, apumzike kwanza." Tulijua mama akishapumzika atauliza tena, na atataka jibu la kurudi nalo.

Sitaki kumfanya mama mkwe kuwa mtu mbaya. Alikuja na ndizi akanipa mimi mkungu mkubwa. Alinisuka nywele. Hakuniambia neno moja la kuniumiza. Alikuwa na mwana mmoja tu aliyebaki hai, na alikuwa anahesabu kama mama yeyote angehesabu. Ningekuwa yeye, sijui kama ningefanya tofauti. Lakini sikuwa yeye, nilikuwa mimi, na mke wa pili akija ingebidi nigawane naye nyumba ile ya chumba kimoja.

Karani naye hakujua lolote. Alikuwa hajaoa, na kijana kama huyo habari za tumbo za watu hazimfikii. Kesho yake alinisubiri baada ya kupimisha, akasimama kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mama, jana nilikosea."

"Hukukosea. Umegawanya mpaka wapi?"

Alishtuka. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa matusi. "Mpaka arobaini na tatu."

"Na kwa nini uliacha? Labda kuna mtoto huko mbele. Mia tano, mia sita, nani anajua?"

Nilimwuliza kwa ukali, lakini nilitaka kujua kweli. Nilikuwa nimelala na jambo hilo. Nilitumaini ameacha mapema kwa uvivu.

Akachukua chaki akaandika kwenye ubao wa mizani. "Arobaini na saba mara arobaini na saba ni elfu mbili mia mbili na tisa. Umeona? Imeshapita yako. Kama namba yako ina mtoto mkubwa zaidi ya arobaini na saba, pacha wake lazima awe mdogo kuliko arobaini na saba. Na wale wadogo wote tumewaita, hakuna aliyeitika."

"Hukuwaita wote. Nne hukuita. Sita hukuita."

"Mbili akikataa, nne ataingiaje? Nne ni mbili aliyevaa koti."

Nikasimama pale nikiifikiria hesabu hiyo kama mlango uliofungwa. Ulikuwa umefungwa vizuri, bila ufa. Karani alipoona sijaondoka akapata moyo, akaniambia mengine. Kwamba namba hizi haziishi, hata uende mbali namna gani utaikuta nyingine mbele. Kwamba huko Amerika wana mashine inayozitafuta, na imepata moja ndefu sana hivi kwamba ukianza kuisoma tarakimu kwa tarakimu tunapoanza kuchuma asubuhi, chai ya saa nne itakukuta bado unasoma. Kwamba namba nyingine zote zimejengwa kwa hizi. Ile ya jirani yangu, yenye mapacha wote wale, ukiibomoa mpaka mwisho unapata mbili iliyorudiwa mara tano, na tatu, na ishirini na tatu, zote tasa. Habari ya mashine sijui kama ilikuwa kweli. Habari ya kubomoa niliijaribu mwenyewe na ni kweli.

Nitasema jinsi ilivyokuwa: ilinipendeza. Labda nilikuwa najifariji, siwezi kukataa. Lakini kulikuwa na kitu kingine pia. Miaka yote nilichukulia namba yangu kama alama inayowekwa kwenye sikio la ng'ombe. Sasa ilikuwa na tabia. Ilikuwa imekataa watu wote na sababu yake ilikuwa inajulikana.

Lakini huko kwenye laini, zile nyumba zetu za kampuni, neno lilikuwa limeshatembea. Alhamisi asubuhi, tukiwa tumejipanga kwenye chai na fito zetu za kusawazishia uchumaji, mmoja nyuma akaita, "Tasa apite kwanza, mzigo wake ni mwepesi!" Wawili watatu walicheka. Huyo aliyeita simlaumu sana. Wiki hiyo hiyo yeye aliitwa Mguu wa Bata, na alihitaji mtu mwingine aitwe kitu.

Mambo yaliharibikia kwenye bomba la maji. Mama mkwe alikuwa amekwenda kuteka, jirani yangu alikuwepo, na jirani, kwa kutaka mazungumzo tu, akamwambia kwamba huko mizani wameandika mke wa mwanawe "dasa". Mama mkwe Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani, na neno hilo kwa sauti hiyo hakulitambua. Akauliza dasa ni nini. Jirani akarudia. Akauliza tena. Basi jirani, kwa kusaidia, akajigusa tumbo na kutikisa kichwa.

Mama aliingia nyumbani debe likiwa nusu. Aliongea nami kwa Kikisii, nami naandika hapa kwa Kiswahili kama nilivyomsikia.

"Nani amekuandika?"

"Mama, ni hesabu tu."

"Hesabu ya nini? Wamehesabu nini tumboni mwako?"

"Si mimi waliyemwandika, ni namba."

"Namba ni ya nani?"

"Yangu."

"Na kwenye mizani wanakuitaje?"

"Kwa namba."

"Basi ni wewe."

Mpaka leo sioni kosa katika maneno yake. Akafunga kitambaa kichwani, akatoa vile viatu vyake vya Jumapili chini ya kitanda, akatoka. Nilimfuata nyuma nikiwa pekupeku. Nilijua anakwenda kunimaliza. Nilifikiri akishalisikia neno hilo kutoka kinywani mwa kampuni, basi, safari yake itakuwa imepata ushahidi, na msichana wa watu wazuri ataletwa kabla ya mwezi kwisha.

Kulikuwa na foleni ndefu ya kupimisha. Mama akaipita yote mpaka kwenye meza. Kiswahili chake cha siku hiyo siwezi kukirekebisha, kingeharibika.

"Karani ni nani hapa?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Mimi hapana kuja kukaribia. Futa."

"Nifute nini?"

"Ile neno umeandika juu ya mke ya mwana yangu. Futa saa hii, mimi nikiona na macho."

Nyapara akasogea. "Mama, hapa ni kazini, tafadhali."

"Na wewe, wewe ni nyapara ya majani ama ni nyapara ya tumbo ya watu?"

Foleni ikalipuka. Hata waliokuwa na vikapu mgongoni walicheka mpaka majani yakamwagika. Nyapara, ambaye hakuwa mtu wa mchezo, akaangalia pembeni, na nadhani alikuwa anauma mdomo.

Mama akawageukia wote. "Huyu si tasa. Nani amesema? Nani amepima? Mimi ndio mama ya hiyo nyumba, na mimi hapana sema. Kama mimi hapana sema, kampuni imetoa wapi?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Kwa muda nilidhani nimemsikia vibaya.

Karani akafungua kitabu cha mizani, akamwonyesha namba yangu na kilo zangu, hakuna neno lolote hapo. Mama akasukuma kitabu.

"Usionyeshe mimi karatasi, mimi sijui kusoma. Mimi nimeambiwa iko."

Maskini karani angeweza kusema haipo, na jambo lingekwisha. Hakuwa mwongo. Alijifuta jasho akasema, "Iko, mama, lakini haiko hapa, na si ya yeye. Ni namba yenyewe ndiyo inaitwa hivyo, kwa sababu hakuna namba nyingine inaingia ndani yake. Njoo Jumamosi darasani uone. Ukiipatia mtoto hata mmoja, nitafuta, na nitaomba ofisi impe namba nyingine."

Mama akamwangalia juu mpaka chini. "Nitakuja. Na nitakuja na maharagwe yangu, hiyo mawe yako ya mizani mimi siamini."

Mume wangu alikuwa akifanya kazi kiwandani, kule juu majani yanapoanikwa. Alirudi jioni anacheka peke yake mlangoni. "Nimesikia mama amekamata kampuni," akasema. Mama alikuwa anachambua maharagwe.

Jumamosi mchana walikuja watu ambao hawakuwa wanafunzi. Tulitandika magunia mawili chini ya banda. Kila mtu alihesabu mia yake, tukaunganisha mia ishirini na mbili, tukaongeza saba. Mama mkwe alisimama juu yetu na kumhesabisha tena yeyote aliyemshuku. Halafu akakaa chini, akanyoosha miguu, akaanza kugawanya kama mtu anayegawia watoto chakula.

Marundo matatu. Walibaki wawili.

Marundo matano. Walibaki wawili.

Marundo saba. Wawili.

"Hawa wawili wanatoka wapi kila mara?" mama akauliza, akiwashika mkononi.

"Ni bwana na bibi," mlinzi akasema. "Hawana kwa kwenda."

Watu wakacheka, na maneno hayo yalizunguka kwenye laini miaka mingi baadaye, kwamba namba yangu kila ukiigawa wanabaki bwana na bibi. Nataka kuweka sawa. Kwa mbili alibaki mmoja. Kwa kumi na moja walibaki saba, kwa kumi na tatu walibaki kumi. Hao hakuna aliyewasimulia, lakini walikuwepo, na mama aliwaona kama sisi.

Tuligawa mpaka mikono ikanuka maharagwe. Wengine walichoka wakaenda. Mama hakuchoka. Mwishoni karani akamwambia, "Mama, jaribu mistari. Arobaini na saba, na kila mstari uwe na maharagwe arobaini na saba. Hapo ndipo mwisho, zaidi ya hapo hakuna haja." Tukapanga. Ilikuwa kazi nzuri, na nilikuwa napanga upande mmoja na mama upande mwingine, kichwa kwa kichwa. Mistari ilinyooka kama chai mpya ya kampuni. Tukajaza mmoja baada ya mwingine, na nikaona mama anaanza kutabasamu, maana tulifika mstari wa mwisho na maharagwe yalikuwa bado yapo. Alidhani amempata mtoto. Na mimi, ingawa nilijua hesabu, nilidhani hivyo hivyo.

Yakaisha nafasi mbili zikiwa wazi.

Mama akaziangalia zile nafasi. Akainua gunia kidogo akatazama chini yake. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kweli, mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Wale wawili! Mchana wote wamebaki, wamebaki, wamenisumbua. Sasa nawataka, wamepotea!"

"Ongeza mawili, mama," jirani yangu akasema. "Yako mengi kwa mkebe."

"Nikiongeza itakuwa namba yake?"

"Itakuwa elfu mbili mia mbili na tisa," karani akasema. "Si yake."

"Basi wacha." Akafikiri. "Umesema ziko nyingi, hizi?"

"Haziishi, mama."

"Ukoo mkubwa hivyo wa matasa, na hauishi?" Akanigeukia, akasema kwa Kikisii ili wengine wasisikie, "Nani anawazaa?"

Karani, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaniuliza mbele ya wote kama bado nataka aombe namba nyingine. Mwezi ujao ofisi ingeandika watu wapya, ingewezekana. Nilitaka kusema kitu kizuri na hakikuja. Nilisema, "Nimeizoea." Mama akasema, "Mwache mtu na namba yake," na akaanza kuzoa maharagwe yake kurudisha kwenye mkebe, maana yalikuwa mbegu.

Tulipokuwa tunatoka jirani yangu akatukimbilia na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao yaliyogandishwa na mkaa. "Mama, mimi siku ile sikusema kwa upaya," akasema. "Ni mdomo tu." Mama akapokea kibuyu, akakinusa, akasema mdomo ni wa kila mtu.

Jioni hiyo mume wangu ndiye aliyeuliza. Sikutarajia. Nilikuwa nasonga ugali, na yeye alikuwa anaosha mikono, akasema bila kumtazama mama, "Na ile habari ya yule msichana, mama? Watu wa nyumbani watataka jibu."

Mama alikuwa anavua viatu. Akavua cha pili.

"Nitawaambia nini?" akasema. "Nimesimama mbele ya watu wote wa mizani nikasema mke wako si tasa na mimi ndiye mwenye kusema. Nimemwambia nyapara. Nimemwambia karani. Kesho niende nyumbani niliseme neno hilo mimi mwenyewe? Hata yule msichana anao watu wa kumwoa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo osha mikono vizuri, una grisi."

Ndivyo lilivyokwisha. Sijui kama moyoni alikubali, au alifungwa tu na maneno yake mwenyewe kama mtu anayejifungia ndani kwa bahati mbaya. Nimelifikiri mara nyingi na sina uhakika. Alipoondoka wiki iliyofuata alisema atarudi wakati wa kupanda mtama, na alirudi, na habari hiyo hakuitaja tena, wala kwangu wala, kwa ninavyojua, kwa wengine. Watoto hatukupata. Mke wa pili hakuja. Mume wangu aliwahi kuniambia kwamba angekataa hata hivyo, na mimi nimechagua kumwamini.

Tulikula ugali wa wimbi na mboga ya saga, ndiyo mgagani, iliyochemshwa mpaka uchungu ukapungua, na mursik ya jirani juu yake. Mama aliomba ukoko wa chini ya sufuria, nikamkwangulia wote.